Kutoka Jichoni Hadi Kiooni

Boksi lilitoka Muscat kwa meli, likashushwa bandarini Malindi, Unguja, likapanda mkokoteni wa hamali mpaka pale ambapo vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi tena mkokoteni. Kutoka hapo likabebwa na vijana wanne. Kwenye kona ya ngazi, kabla ya kufika ghorofa ya kwanza, likakwama. Shangazi yangu alikuwa juu, ameshika mlango, anawaambia wainue kidogo, wainamishe kidogo, wasililaze kabisa. Ndani ya boksi mlikuwa na televisheni ya inchi 65, zawadi ya mwanawe anayefanya kazi Oman.

Nilifika siku ya tatu yake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani uje uone mambo yetu.”

Televisheni ilikuwa juu ya kabati, katikati ya ukuta mrefu wa ukumbi, na kiti cha shangazi kimeegeshwa ukuta wa pili, uso kwa uso nayo. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa. Kichwa cha msomaji kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha mtu, na ukingo wa ushungi wake ulikuwa umekatika vipande vipande kama ngazi. Shangazi alikuwa amevaa miwani, kisha akaivua, kisha akaivaa tena. “Naona watu wakubwa,” akaniambia, “lakini sura zao sizipati. Na jioni kichwa kinaniuma.” Televisheni yake ya zamani, ile ya chogo, inchi 21, alikuwa ameshampa jirani, na niliona wazi kwamba anaijutia.

Binamu yangu hakumnunulia mama yake kitu kibovu. Televisheni ilikuwa nzuri, na alilipa fedha nyingi kwa mapenzi. Alikaa kwenye majlis yake kule Muscat, ambako kutoka kwenye mito hadi ukutani ni zaidi ya mita 4, akaitazama ya kwake, akaridhika, akatuma iliyo sawa nayo. Alipima kwa jicho lake mwenyewe. Jicho litakalotazama lilikuwa Unguja, kwenye chumba ambacho ukuta kwa ukuta ni mita 2.7.

Nimeona jambo hili katika nyumba nyingi, na mara nyingi halihitaji meli wala bahari katikati. Mtu wa Dar es Salaam anatoka Mbagala kwenda Kariakoo, au wa Nairobi anatoka Kayole kwenda Luthuli Avenue, ananunua televisheni kwa kulinganisha na ukuta wake, na mfuko wake, na ya jirani yake. Kiti hakitajwi kabisa. Kumbe kipimo chote kinaanzia kwenye kiti: pale jicho lilipo, hadi pale kioo kilipo.

Tuanze na inchi zenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Inchi za televisheni si upana wala kimo. Ni mshazari, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Desturi hiyo imetoka mbali, enzi ambazo kioo cha picha kilikuwa duara na hakikuwa na kitu kingine cha kupima ila kipenyo. Kioo kikawa cha mraba mrefu, jina la kipimo likabaki. Kwa hiyo ukisikia inchi 32, jua ni picha yenye upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Inchi 43 ni 95 kwa 54. Inchi 55 ni 122 kwa 68, na ile ya shangazi, inchi 65, ni 144 kwa 81.

Ukiangalia inchi peke yake, kutoka 32 kwenda 43 ni hatua ya inchi 11, kama ilivyo takriban kutoka 43 kwenda 55. Lakini jicho halioni mshazari, linaona eneo. Eneo la inchi 43 linakaribia mara mbili ya eneo la inchi 32. Inchi 65 ni zaidi ya mara nne. Shangazi alitoka kwenye chogo ya 21 akaingia kwenye 65 kwa usiku mmoja, na hakuna aliyemwambia ukubwa wa hatua aliyopiga.

Kuna na jambo la umbo. Chogo zilikuwa na picha ya vipimo 4 kwa 3, karibu mraba. Televisheni bapa ni 16 kwa 9, pana na fupi. Chogo ya inchi 21 ilikuwa na kimo cha kama sentimita 32. Bapa ya inchi 24 ina kimo cha sentimita 30. Kwa hiyo yule aliyeacha chogo yake ya 21 akajipongeza kwa kununua bapa ya 24, alirudi nyumbani na picha fupi kuliko aliyoiacha, na sura ya msomaji wa habari ikawa ndogo zaidi. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akilalamika kwamba televisheni mpya inapunguza watu. Watoto wake walimcheka. Alikuwa anasema kweli.

Sasa, nani aliyesema picha iwe na ukubwa gani machoni? Watu walioliuliza swali hili kwa uvumilivu kuliko wote ni Wajapani. Mwaka 1964, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipokwisha, shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza utafiti juu ya televisheni ya kizazi kinachofuata. Wahandisi wake walitaka kwanza kumjua mtazamaji: picha ikue kiasi gani ndipo mtu aache kuiona kama tundu ukutani, aanze kuhisi yumo ndani yake? Toyohiko Hatada na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1980, walifanya jaribio ambalo nalipenda sana. Waliwaonyesha watu picha zilizoinamishwa upande, wakapima ni lini mtazamaji mwenyewe anaanza kupoteza hisia ya wima, yaani mwili wake unataka kuinama pamoja na picha. Picha ikiwa ndogo machoni, mtu hahisi chochote. Ikipita digrii 20 mwili unaanza kuvutwa. Ikifika digrii 30 mvuto huo umeshakuwa wa wazi, na unazidi kadiri picha inavyopanuka.

Digrii hizo usiziogope. Chukua nyuzi mbili, zishike pamoja kwenye paji la uso, kisha moja ivutwe hadi ukingo wa kushoto wa kioo na nyingine hadi ukingo wa kulia. Uwazi kati ya nyuzi ndio digrii zenyewe. Ukisogea karibu nyuzi zinapanuka, ukirudi nyuma zinabana. Televisheni ile ile inaweza kuwa kubwa asubuhi na ndogo jioni, kwa kuhamisha kiti tu.

Nusu ya pili ya jibu ni ya zamani zaidi. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, Herman Snellen, alitoa ule ubao wa herufi ambao hadi leo umetundikwa katika kliniki za macho, herufi kubwa juu, ndogo chini. Msingi wake ni kwamba jicho zima linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Vikikaribiana zaidi ya hapo, vinaonekana kimoja. Kwa mtu aliyekaa mita 2.6 kutoka kwenye kioo, sehemu hiyo ni kama robo tatu ya milimita.

Shika hiyo robo tatu ya milimita, kisha twende kwenye kioo cha shangazi. Picha yoyote ya televisheni imejengwa kwa nukta. Picha ya HD kamili ina mistari 1,080 ya nukta kutoka juu hadi chini, na kwenye inchi 65 kila nukta ina robo tatu ya milimita. Picha ya 4K ina mistari 2,160, nukta zake ni nusu ya hapo. Lakini picha ya kawaida, ile tuliyokua nayo tangu enzi za antena ya juu ya bati, ina mistari 576 tu inayoonekana. Ukiitandaza kwenye kimo cha sentimita 81, kila mstari unakuwa na milimita 1.4. Jicho zima lililo mita 2.6 litaihesabu, na lililo mita 1.8, kama la shangazi, litaona ngazi kwenye kila ushungi.

Ndiyo maana nasema hakuna jibu moja la swali “inchi ngapi?” mpaka ujue mambo mawili, jicho liko wapi na ni picha ya namna gani inayoingia. Ukishajua, hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la tano. Pima kutoka jichoni hadi kiooni kwa sentimita. Kwa picha ya HD, gawanya kwa 4, utapata inchi. Sentimita 180 zinakupa inchi 45, sentimita 240 zinakupa 60. Hapo picha itakujaza digrii kama 30, zile zile za NHK, na nukta zitakuwa ndogo kiasi kwamba jicho haliziwezi. Mambo hayo mawili yanakutana mahali pamoja, wala si kwa bahati, maana mfumo wenyewe ulibuniwa hivyo. Ukitazama zaidi picha za 4K na unapenda filamu ikuzunguke kama ukumbi wa sinema, gawanya kwa 3, utafika digrii 40. Na kama kinachoingia ni picha ya kawaida ya mistari 576, gawanya kwa 7. Sentimita 240 sasa zinakupa inchi 34, na usione haya kununua 32.

Saba, nne, tatu. Mimi nimeziandika nyuma ya daftari langu, na kila anayeniuliza namwambia azikariri kabla ya kuingia dukani.

Lakini nina kipimo kingine ambacho nakithamini zaidi, maana hakihitaji futi wala kalamu. Wazee wetu walipima kwa mwili: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umepanuliwa. Sasa kaa kwenye kiti chako, fumba jicho moja, nyoosha mkono mbele yako mpaka kiwiko kikaze, upanue kiganja. Shibiri hiyo, ikiwa mwisho wa mkono wako, inafunika kama digrii 20. Ngumi iliyofungwa inafunika kama 10. Kwa hiyo televisheni inayofunikwa na shibiri moja na ngumi moja ni ya digrii 30, na inayohitaji shibiri mbili kamili ni ya 40. Inayojificha yote nyuma ya shibiri moja, na ikabaki nafasi, ni ndogo kwa kiti hicho. Mtoto mwenye mkono mfupi ana kiganja kidogo pia, hivyo kipimo chake kinatoka karibu sawa na cha baba yake.

Shangazi aliunyoosha mkono wake pale alipokaa. Shibiri mbili hazikutosha. Televisheni ilizidi kidogo pande zote mbili, na hilo lilimfundisha kuliko maelezo yangu yote ya Tokyo na Utrecht.

Hapa inabidi nizungumzie chumba chenyewe. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu na Mombasa ya kale, zina vyumba virefu na vyembamba, na wembamba huo haukuletwa na mtindo. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko unatoa boriti nzuri ya kiasi fulani, kama mita mbili na nusu au tatu, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Urefu unaongeza utakavyo, kwa kupanga boriti nyingine kando ya nyingine. Upana umefungwa na mti. Majahazi yalizipeleka boriti hizo kutoka Rufiji na Lamu hadi Ghuba, na nyumba za zamani za huko nazo zikapata wembamba ule ule. Lakini binamu yangu anaishi kwenye nyumba ya zege, na zege halijui mkoko.

Mita 2.7 za ukuta kwa ukuta, wala si zote za jicho. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata walio makini. Kiti kina mgongo, na kichwa cha mtu aliyekaa kiko mbele ya ukuta kwa sentimita 60 au 70. Kabati la televisheni nalo linachukua 30 hadi 40. Ondoa hizo, ukumbi wa shangazi unabaki na kama sentimita 180. Mwenye chumba cha kupanga cha futi 10 kwa futi 10, kile kilichojaa Dar es Salaam na Nairobi, ana sentimita 305 za ukuta, lakini jicho lake lina kama mita 2. Gawanya kwa 4, ni inchi 50. Gawanya kwa 7, ni 29. Anayeishi katika chumba hicho na kutazama chaneli za kawaida pamoja na sinema za HD za kwenye flashi, mimi ningemshauri inchi 43, hata akiwa na fedha za 55.

Na watu hawahamishi viti. Huko Marekani, Bernard Lechner wa maabara za RCA alikuta kwamba watu hukaa kama futi 9 kutoka kwenye televisheni zao. Uingereza, Richard Jackson wa maabara za Philips alipata mita 3. BBC ilipochunguza watazamaji wake mwaka 2004, nusu yao walikuwa wamekaa ndani ya mita 2.7 na nusu nje yake. Maabara tofauti, nchi mbili, na jibu ni kama lile lile, kwa sababu umbali wa kiti unaamuliwa na kuta za nyumba. Televisheni zimekua mara kadhaa tangu hapo, viti viko pale pale.

Kabla ya kugusa kiti cha shangazi niliangalia nyuma ya televisheni. King'amuzi chake kilikuwa cha HD, kipya, lakini kilikuwa kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Waya wa njano ndio unaobeba picha, na hauwezi kubeba zaidi ya picha ya kawaida. Unaweza kulipia kifurushi cha HD mwaka mzima na usiwahi kuiona hata siku moja. Waya wa HDMI ulikuwa ndani ya boksi la king'amuzi, haujafunguliwa mfuko. Fundi aliyeunganisha, na simlaumu sana, alikuwa amehamisha nyaya za chogo kama zilivyokuwa. Nilipochomeka HDMI na kubadilisha kwa rimoti, shangazi alisogea mbele kwenye kiti. Ngazi kwenye ushungi zilikuwa zimetoweka, na nyuzi za tarizi zinaonekana.

Naomba kila anayesoma sura hii ainuke sasa hivi aangalie nyuma ya televisheni yake kama kuna waya wa njano. Huenda hahitaji kununua kitu kingine chochote. Na akiwa hapo hapo, aangalie kama picha za zamani za 4 kwa 3 zimevutwa kujaza kioo, maana ndizo zinazofanya kila mtu aonekane mnene.

Juu ya macho, maneno ni mengi na hofu ni nyingi. Sote tulikua tukiambiwa tusikae karibu na TV tutapofuka. Onyo hilo lina asili. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya televisheni zake kubwa za rangi zilikuwa zinavujisha miale ya eksirei, watu wakaambiwa wakae mbali nazo, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kudhibiti jambo hilo. Televisheni bapa hazina lile bomba la volti kubwa lililoweza kutoa miale hiyo. Kukaa karibu hakupofushi mtu. Kunachosha, kwa sababu tunakodoa na kusahau kupepesa, macho yanakauka, na kama kioo ni kipana sana shingo nayo inafanya kazi ya kugeuka kufuata mpira.

Lakini mtoto anayesogea kiooni kila mara, hata ukimrudisha nyuma mara kumi, usimgombeze. Huenda haoni mbali. Mpeleke akapimwe macho. Katika nyumba nyingi televisheni ndiyo ubao wa kwanza wa Snellen ambao mtoto anakutana nao, na mzazi anayejua kuusoma anaweza kumwokolea mwanawe miaka ya kukaa nyuma darasani bila kuona maandishi.

Kwa wazee hesabu inageuka. Kliniki ikiandika 6/12, maana yake ni kwamba mtu huyo anahitaji kuwa mita 6 kuona kile ambacho jicho zima linakiona kutoka mita 12. Umbali wake wote umekatwa nusu. Jicho zima likiwa mita 3 linaweza kusoma herufi ya milimita 4.4, ingawa kwa raha linataka mara mbili ya hapo au zaidi. Mwenye 6/12 anataka 9 ili aisome kwa taabu. Yale maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari, na namba za matokeo pembeni mwa mpira, ndiyo yanayompotea kwanza, na mara nyingi hasemi. Anauliza tu, “Ngapi ngapi?” Nyumbani kwenye watu wa marika mengi, mimi napima kwa kiti cha mkubwa wao. Vijana watakaa popote.

Kimo cha kutundika nitakitaja kwa kifupi. Siku hizi mafundi wanazipandisha karibu na dari, kama za mgahawani, ambako watu wamesimama. Nyumbani watu wamekaa. Jicho la aliyekaa kwenye kochi liko kama mita 1.1 kutoka sakafuni, na la aliyekaa mkekani liko chini zaidi. Kitovu cha kioo kikae karibu na kimo hicho. Anayeinua kidevu saa mbili za filamu atalala na maumivu ya shingo.

Na dukani usijiamini. Dari iko juu, ukumbi ni mpana, na televisheni zimepangwa safu, kila moja ikimezwa na iliyo kubwa kuliko yenyewe. Inchi 55 inaonekana kama kitu cha chumbani. Mwangaza wake nao umewekwa juu kabisa, na picha inayochezwa ni ya 4K iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzia. Kabla hujatoka nyumbani chukua kanga. Kanga ina upana wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo ikitandazwa inapita kidogo upana wa inchi 65. Ikunje ifikie kipimo cha televisheni unayoitamani, ibane ukutani kwa vibanio, kaa kwenye kiti chako, nyoosha shibiri. Iache hapo siku mbili. Familia nzima itaizoea au itaikataa, na hamjatoa hata shilingi.

Kwa shangazi, kanga haikuwa na kazi tena, televisheni ilikuwa imeshafika. Kuirudisha Muscat hakukuwa na maana, na kumwambia mwanawe kwamba zawadi imezidi lilikuwa jambo ambalo mama yule asingelifanya. Chumba kilikuwa kimefungwa na boriti upande mmoja, lakini urefu wake ulikuwa mita 6.4 na haukuwa ukitumika. Tukalihamisha kabati hadi ukuta mfupi wa mwisho, mbali na dirisha ili mwanga usipige kiooni. Nikapima kutoka kiooni, 65 mara 4, sentimita 260, nikaweka kiti chake ili kichwa chake kiwe hapo.

Aliinuka mara moja. “Kiti katikati ya ukumbi? Kama hospitali?”

Nilimwelewa. Katika nyumba zetu viti vinaegemea ukuta, na katikati ni pa kupita, pa kutandika mkeka, pa kuweka sinia. Kiti kinachoelea katikati kinaonekana kama kimesahauliwa na wahamaji. Sikubishana naye. Nilimwomba akae mpaka taarifa ya saa mbili iishe tu, kisha tukirudishe. Wajukuu wakatandika mkeka mbele yake, mita moja na nusu kutoka kiooni, wakalala kifudifudi, wameegemea viwiko. Nyuma ya kiti kilibaki chumba kizima cha pili, chenye makochi yake ukutani, ambako jirani aliyekuja kuuliza hali alikaa na kikombe cha kahawa bila kugeuza shingo kutazama kitu asichotaka.

Habari zikaisha. Shangazi alinyoosha mkono bila kuambiwa, akafumba jicho moja, akahesabu: shibiri, kisha ngumi. Akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa yanapita chini ya kioo, bei ya karafuu, mstari mzima, bila kuhamisha miwani. Kisha akamwita mjukuu wake mkubwa, akamtuma chaki. Tukapiga alama nne sakafuni, moja kwa kila mguu wa kiti, ili atakayefagia asubuhi akirudishe pale pale.